Kabla Sijaishusha Landrova Yako

Mbugani, Kyela
Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua imepumzika.

Ambakisye,

Hii ni mara ya kwanza nakuandikia wewe. Miaka yote nilikuwa naandika unayosema, nawe umelala chini ya gari, nimebaki kuongea na miguu yako. Leo nimekaa kwenye benchi lako. Mlango wa karakana uko wazi, Landrova iko mbele yangu, imeoshwa na tanki limejaa. Kesho asubuhi naipandisha Tukuyu peke yangu. Kupanda hakunitishi sana. Ninachoogopa ni kushuka, maana breki nilizifunga mimi.

Nataka ujue kwa nini naenda peke yangu, na kwa nini binti yako Atupele hakuondoka hapa kwa gari lako kama ulivyokuwa umetamka. Mkeo na dada yako huenda kaburini kwako baada ya ibada na najua wanaongea nawe. Watakuwa wamekusimulia kwa namna yao. Mimi nakupa yaliyo kwenye shajara yangu, kwa mfuatano wake, pamoja na jambo moja ambalo sikuthubutu kuliandika humo.

Unakumbuka Landrova ilivyokuwa tulipoitoa shambani kule Ngana? Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Mgomba ulikuwa umeota chini yake ukapenya pale penye tundu la gia, na yule mzee mwenye shamba akatukataza tusiukate mpaka mkungu ukomae. Tukangoja! Wiki tatu watu wazima wawili tunakwenda na baiskeli kuangalia ndizi za mtu. Kisha tukaivuta kwa pawatila, lile trekta dogo la mpunga, hadi Mbugani, watoto wa kila mtaa wakifuata nyuma wanaimba nyimbo za harusi. Mkeo alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaizunguka yote, akauliza, "Hili ni gari au ni banda?" Ukamjibu, "Mama Lusajo, usilitukane, linasikia."

Siku ile ile tuligawana kazi. Wewe ulikuwa fundi. Mimi nilikuwa mtunza ghala la kakao ambaye hajawahi kufunga nati bila kuichubua. Ukasema, "Basi wewe, Karani, utaandika. Kichwa changu kinavuja." Nikaandika kila kilichotoka kwenye gari lile, kimetoka wapi na kimeingia kopo gani, na makopo ya maziwa ya unga yakajaa rafu nzima. Ukutani nikapigilia misumari, nikaipa namba kwa rangi nyeupe, na chini ya kila namba nikaandika kinachokaa hapo. Ulinicheka ukaniambia siku moja nitampaka namba na mke wangu. Lakini mwezi haukuisha, ukawa unanyoosha mkono kutoka chini ya gari na kusema tu, "Nne!" nami nakukabidhi.

Msumari namba saba ulikuwa na ile chupa ya maji iliyokatwa kitako, tunayoigeuza kichwa chini ili kumiminia mafuta ya breki. Wewe ndiye uliyenilazimisha niandike chini yake BREKI TU, kwa herufi kubwa. Ulisema raba za breki ni kama tumbo la kichanga, zinataka chakula cha aina moja, ukizipa mafuta mengine zinavimba na kuharibika. Nilikuuliza mafuta gani mengine. Ukasema, "Yoyote, Karani. Hata ya kujipaka."

Halafu ukaja na wazo la injini. Ile ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, ukapata ya dizeli ya Kijapani, changa, yenye nguvu karibu mara mbili. Ulikata na kuchomelea upya sehemu za kuikalisha, ukarefusha bodi la nyuma, ukaweka benchi mbili za mninga zinazotazamana na keria ya kubebea magunia ya mpunga. Tukagombana juu ya rangi siku nzima, mwishowe tukaipaka kijani cha kakao changa. Nilikuwa na furaha, lakini jambo moja lilinisumbua, nikakuuliza: injini imepata nguvu mpya, breki zimebaki zile zile za kale, itakuwaje? Hukunicheka siku hiyo. Ulifuta mikono, ukasema, "Breki mwisho. Tutazifanya bila haraka na bila redio. Injini ikikataa unalala njiani. Breki ikikataa, Karani, ni hadithi nyingine."

Hatukufika huko. Jumatatu ulilalamika kichwa. Alhamisi tulikuwa tunakuchimbia kaburi.

Watu walijaa mpaka barabarani. Mvua ilikuwa ya kwetu hii hii isiyouliza mtu, na jiko la mkeo ni dogo, basi akina mama wakachukua karakana, kwa kuwa ina bati zima na sakafu ya saruji. Mafiga yakawekwa pale unapoweka jeki. Landrova ikasukumwa pembeni na wazee wawili wakawa wanalala ndani yake. Siku zote za matanga humu mlikuwa na masufuria ya wali na ndizi, moshi, na mawese yakimiminwa kutoka madumu makubwa kwenda vyombo vidogo. Mimi nilifarijika kuona mahali pako pana joto. Sikuangalia ukutani.

Watu walipoondoka, mkeo aliniita. Alisema, "Shemeji, sitaki maiti mbili kwenye ua mmoja. Lifufue hilo moja linalofufulika." Nikamwambia mimi si fundi. Akasema, "Una daftari." Kama vile ni jambo dogo.

Nilianza. Kila jioni nikitoka ghalani nilikuja hapa, nikafungua daftari la gari na kufuata maneno yako. Mwanao Lusajo alikuja mara mbili na lori lake kutoka Mbeya akanisaidia kuinua vitu vizito. Injini iliwaka siku ya soko, moshi ukajaa ua, mkeo akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilizima upesi. Tangu siku hiyo nikaanza kuogopa vitu ambavyo wewe hukuwahi kuviogopa: sauti ya chuma kikipoa, tone la mafuta chini, nati ambayo siikumbuki. Nilikuwa nikifika nyumbani nageuka tena kuja kuhakikisha. Mke wangu akauliza kama nimeanza kunywa.

Kisha Atupele akachumbiwa na kijana wa Tukuyu, na siku ya harusi ikapangwa. Wote walikumbuka ulivyokuwa umesema hapa uani, umeshika kikombe cha chai: mwanangu ataondoka kwa Landrova hii, hatakanyaga gari la kukodi. Hakuna aliyeniuliza kama itawezekana. Walikuwa wananiangalia tu.

Breki nilizipa wiki nzima. Niliweka raba mpya kwenye kila gurudumu na kwenye silinda kubwa ya pedali. Nilizima redio kama ulivyotaka. Nilinawa mikono. Nikachukua chupa kutoka msumari namba saba. Ndani ilikuwa na utando mwembamba wa rangi ya dhahabu. Niliufuta kwa kitambaa, nikajiambia ni mafuta ya breki yaliyokaa siku nyingi, maana nayo yakizeeka hupata rangi hiyo. Chini ya msumari palikuwa pameandikwa BREKI TU, na mwandiko ni wangu. Sikunusa. Nikamimina, nikatoa upepo kwenye mabomba ya breki gurudumu hadi gurudumu, binti yangu Tumaini akinikanyagia pedali na kuhesabu kwa sauti. Pedali ikasimama vizuri. Niliandika kwenye daftari: "Breki tayari." Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Siku nne baadaye, Jumatano ya wiki ya harusi, tulikwenda Matema mimi na Lusajo kuchukua vyungu. Mkeo aliviagiza Ikombe, na akina mama wa huko wakavileta kwa mtumbwi hadi ufukweni mwa ziwa. Mimi ndiye niliyeendesha kwenda. Ambakisye, ilikwenda! Barabara ya Ipinda ilikuwa imekauka, mpunga umesimama pande zote, watu wakitoka vibarazani kuangalia. Nilipoiegesha mchangani, na milima imesimama ng'ambo ya maji, mama mmoja aliyekaa mtumbwini kati ya vyungu vyake akatuamkia, "Mugonile," halafu akaniangalia mikono. Akawaambia wenzake, "Huyu dereva anashika usukani kama ameshika kuku wa wizi." Walicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Hata mimi nilicheka. Tulipanga vyungu nyuma katikati ya majani ya mpunga, nikawashukuru, "Ndaga," mara tatu kama mgeni. Sidhani kama nimewahi kuwa na saa nzuri kama ile tangu ufe.

Kurudi, Lusajo akachukua usukani. Kabla ya Ipinda gari likawa zito, kana kwamba kuna mtu analivuta kwa kamba. Likaja na harufu ya kuungua. Nikamwambia asimame. Nilishuka, nikatemea mate gurudumu la mbele, mate yakachemka. Lusajo akasema, "Ba'mdogo, breki mpya hubana. Zitalainika zenyewe. Wewe unaogopa hata kivuli chako." Yeye ni dereva wa malori, mimi ni karani. Tulingoja zikapoa, tukafika. Chungu hata kimoja hakikupasuka, na mkeo akanisifu mbele ya wageni.

Alhamisi asubuhi niliomba ruhusa ghalani, nikaja kufungua gurudumu lile. Raba nilizoziweka zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Nikafungua la pili, hali ni hiyo hiyo. Nikafungua la tatu. Mafuta yalikuwa yameniingia vidoleni, nikapeleka vidole puani, na hapo ndipo nilipojua. Ilikuwa harufu ya jikoni. Harufu ya mboga ya mke wangu, ya matanga yako. Mawese.

Nilikaa chini. Nilitazama ile chupa kwenye msumari wake, na maneno yangu chini yake.

Raba za kuzibadilisha hazikuwapo Kyela. Mbeya wangeweza kunitumia, lakini zingefika Jumatatu, na harusi ilikuwa Jumamosi. Lilikuwa jambo wazi kabisa. Nilitakiwa kuinuka, kutembea hatua ishirini mpaka jikoni na kusema: gari halitakwenda. Sikuinuka. Uani walikuwa wanashona maua ya kulipamba, dada yako Subilaga anapima kitambaa cheupe kwenye boneti, anauliza kama honi inalia vizuri. Niliogopa macho yao. Niliogopa kusema neno mawese mbele ya mkeo, kwa kuwa mawese yale yalimiminwa humu kwa ajili ya msiba wako, na ningekuwa kama nawasuta waliokuja kukulilia. Niliogopa pia, na hili ni dogo na la aibu, kwamba mtu aliyepiga mistari kwa rula angeonekana mzembe.

Basi nilifuta zile raba, nikazirudisha, nikajaza mafuta mapya, nikafunga magurudumu yote ili mtu asiulize. Nikajiambia nitasema kesho, nikishapanga maneno. Kwenye shajara niliandika: "Raba zimeharibika zote. Gari halifai kubeba mtu." Nikafunga shajara, nikaiweka mfukoni. Shajara ilijua, watu hawakujua.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilifika hapa na maneno yangu yamepangika. Karakana ilikuwa tupu.

Nilimuuliza mkeo gari liko wapi. Akasema Lusajo amekwenda nalo kanisani kuchukua viti vya kukodi, na watoto wamepanda. Watoto gani? Akawataja kwa vidole, anacheka: wa Subilaga watatu, wa jirani, mdogo wake Atupele. "Na Tumaini wako, kavaa gauni lake la Jumapili, amekaa benchi la mwisho kama malkia."

Sijui jinsi ya kukuandikia saa ile. Ilikuwa dakika arobaini kwa saa yangu. Nilitoka mpaka barabarani nikasimama. Kwenda kanisani kuna ule mteremko wa kuingia darajani, unaujua, mto chini umejaa na kingo hazina kitu. Sikuweza kukimbia maana sikujua wamepita njia gani kurudi. Sikuweza kumpigia Lusajo nikiogopa atatazama simu akiwa anaendesha. Nilisimama pale nahesabu kila chombo kinachopita. Pikipiki. Baiskeli yenye ndizi. Pikipiki. Mtu mmoja akanisalimia, akaniuliza habari za maandalizi, nikamjibu nzuri. Nilimjibu nzuri, Ambakisye! Nilimwona mwanangu ndani ya maji na gauni lake. Nilikuona wewe umenigeukia, na hukuwa na hasira, ulikuwa unangoja nikueleze.

Walirudi. Nilisikia injini kabla sijaiona. Ilikuja polepole sana, ikapita getini, ikasimama kwa kushtuka. Watoto wakaruka chini wanapiga kelele wanataka tena. Lusajo hakushuka. Nilipofika dirishani alikuwa ameshika handibreki kwa mikono yote miwili. Akasema kwa sauti ndogo, "Pedali imeshuka mpaka chini pale darajani. Nimeishikilia na hii tu." Halafu akajaribu kucheka. "Ba'mdogo, hii kitu ina nini?"

Handibreki ya Landrova, uliwahi kunieleza, haitumii mafuta. Inavuta kwa chuma. Watoto wote waliokuwa mle wameokolewa na kitu ambacho mimi sikukigusa.

Nilimshika Tumaini mkono, nikaenda naye hadi katikati ya ua. Nikasema kwa sauti kwamba gari limeharibika breki na halitakwenda Tukuyu. Subilaga akaacha kile kitambaa cheupe kikaanguka. Akasema, "Nilijua. Marehemu amelikataa gari. Hataki liondoke bila yeye." Shangazi mwingine akaitikia, na mwingine. Nikaona neno hilo linavyopita uso hadi uso, na wote wanaanza kuitikia kwa kichwa, hata Lusajo.

Hili ndilo sikuliandika kwenye shajara. Nilinyamaza. Sijui ni kwa muda gani, labda pumzi tatu. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, nami ningeweza kupita bila mtu kuniuliza chochote maisha yangu yote. Wewe ungebeba lawama. Wewe hukuwapo kukana. Nililipenda neno lile la Subilaga, Ambakisye, nililipenda kama maji. Nisamehe kwa pumzi hizo tatu.

Kilichoniondoa hapo ni mkono wa Tumaini. Ulikuwa na jasho la kucheza.

Nikasema, "Hapana, shangazi. Ambakisye hajakataa kitu. Ni mimi. Nilimimina mafuta ya breki kwa chupa iliyokuwa na mawese, na sikunusa. Jana nililiona, nikanyamaza. Watoto wamekwenda na kurudi na mimi najua."

Lusajo alinisogelea. Nilidhani atanipiga, na nisingejikinga. Alisema tu, "Jana?" Kisha akaenda akakaa kwenye tofali, akajifunika uso.

Mkeo alikuwa mlangoni mwa jiko. Aliuliza ni chupa gani. Nikamwonyesha. Akaja mpaka kwenye msumari, akaigusa. Akasema, "Ni mimi, shemeji. Siku ya pili ya matanga tulikosa cha kumiminia. Nilipomaliza niliifuta nikairudisha kwenye msumari wake huo huo. Najua mlivyopenda vitu vyenu vikae mahali pake." Alilia hapo hapo amesimama. Nilimwambia kosa si lake, kuirudisha mahali pake ndiyo heshima aliyotufanyia. Aliyetakiwa kunusa ni mimi.

Atupele alitoka ndani akiwa na rola za nywele kichwani. Alikuwa amesikia yote. Aliniuliza, "Baba mdogo, ingekuwa ni Tumaini anaolewa kesho, ungempandisha?" Nikasema nisingempandisha. Akasema, "Basi baba naye angekataa hivyo hivyo. Ila angepiga kelele kuliko wewe." Kuna waliocheka. Kisha akamwambia Lusajo ainuke akatafute basi dogo la Kosta, muda unakwenda.

Wakaondoka kwa Kosta ya kukodi. Nilipanda nao, maana mkeo alinikatalia kubaki. Harusi ilikuwa nzuri. Mwanao alicheza mpaka akavua viatu. Mkwe wako ni mrefu na mpole, anakula taratibu. Tuliporudi Jumapili mchana ukungu ulikuwa umeshuka kwenye mashamba ya chai na lami imelowa, na katika kila kona mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu ya Kosta. Mke wangu akauweka mkono wake juu ya goti langu, nikaendelea kukanyaga.

Hayo yalikuwa miezi miwili iliyopita. Lusajo hakusema nami wiki tatu. Halafu siku moja raba zikafika kutoka Mbeya, na juu ya boksi ni mwandiko wake. Alikuja mwenyewe Jumamosi iliyofuata, hakusalimia, akavua shati, akalala chini. Tulitoa kila bomba. Tulizisafisha kwa spiriti mara nne, kila moja, tukizipuliza mpaka mdomo ukauma. Hakuna raba hata moja tuliyoirudisha. Chupa nilinunua ya maji, nikanywa maji, nikakata kitako hapo hapo. Nikanusa. Lusajo akanusa. Akasema, "Maji." Ni neno la kwanza aliloniambia siku hiyo.

Baada ya hapo nimeiendesha peke yangu, kwanza uani, halafu mitaa ya Mbugani, halafu njia ya Kasumulu, kwenda na kurudi. Magurudumu nayashika kila nikisimama. Yana joto la kawaida. Wiki iliyopita nilifungua moja tena bila sababu. Raba ziko safi, zina umbo lake. Sina kitu cha kuogopa ninachoweza kukionyesha kwa kidole. Ila naogopa. Nawaza kuna bomba moja lenye kona tusiyoifikia, kuna tone moja limekaa humo linangoja joto la mteremko. Usiku mmoja niliota namimina na chupa haiishi.

Mkeo anataka kuanza kupeleka mpunga Tukuyu na watoto wanataka kumtembelea dada yao. Wananiuliza ni lini, kwa upole, kisha wanabadili mazungumzo. Lusajo alisema atakwenda nami kesho. Nimemkatalia. Mkeo alisema basi aende yeye, yeye ni mjane hana cha kupoteza, nikamwambia asirudie kusema neno hilo mbele yangu.

Nitaondoka saa mbili, lami ikiwa imekauka. Nitapanda mpaka kwenye chai, nigeuze, nishuke kwa gia ya pili. Nimeweka nyuma mawe mawili makubwa ya kuzuilia magurudumu na magunia manane ya mchanga, uzito wa watu. Pedali ikibadilika hata kidogo nitaiegemeza kwenye ubavu wa mlima niiache hapo. Mke wangu anajua njia na saa. Nimemwandikia.

Ninachokuahidi ni hiki. Hakuna mtu atakayekaa kwenye zile benchi mpaka niwe nimeshuka mara tatu, siku tatu tofauti, na magurudumu nimeyashika kwa mkono wangu. Gari lisipofaulu, nitamwambia mkeo siku hiyo hiyo, kwa mdomo, kabla sijafungua shajara. Sitangoja maneno yapangike. Na mtu akisema tena ni wewe umekataa, nitamjibu kabla hajamaliza.

Sikuombi uniondolee woga. Zamani nilidhani utakwisha nikishakuwa fundi. Sasa nataka woga huo ukae nami pale mbele, mkono wa kushoto, unishike kila kona mpaka nifike chini. Wewe pumzika, ndugu yangu. Huna la kufanya kwenye safari hii. Mguu ulioko kwenye pedali ni wangu.

Karani wako,
Ipyana